Rangi Nyekundu Kwenye Shimo la Maji ya Shule

Wenzangu, hili nawasimulia mwenyewe kabla hamjalisikia sokoni, maana hapa Rumonge wameshalitia chumvi ya kutosha (wako wanaosema nilifungwa kamba, uongo, hakuna aliyenigusa). Aibu ya Jumamosi ile niliifuata kwa miguu yangu.

Mimi nasuka mikeka, na nyumba yangu iko chini ya shule, ua wa minyaa tu unatutenganisha. Zamani mvua ikinyesha milimani, maji yalikuwa yanakatiza uwanja wa shule na kubeba udongo mpaka ziwani, halafu kiangazi watoto wetu wanabeba bidoni za maji ya ziwa kwenda kuosha vyoo, Zuena wangu anaingia darasani mgongo umeloa. Basi Direkta mupya wa shule akatuita wazazi, tukachimba mifereji ya kukusanya maji ya uwanjani na ya mabati, yote yaingie kwenye shimo kubwa tulilolisiriba kwa udongo wa mfinyanzi, yatumike vyooni na kwenye bustani ya shule. Wazo zuri. Lakini shimo linajaa leo, siku tatu baadaye iko nusu. Maji yanaenda wapi?

Nikachungulia nyuma ya ofisi, kwenye kibustani cha mke wa Direkta. Nyanya zimeshiba mpaka zinapasuka! Moyo ukaniambia, Direkta huyu amefukia bomba. Tangu hapo akinisalimia "Amahoro, Mama Zuena" naona ananicheka, akivaa buti najiuliza anaenda kuficha nini. Nikamnong'oneza jirani yangu Mama Furaha, Mukongomani anayeuza samaki wadogo wa ndagala: "Direkta anatuibia maji." Naye hakukaa nalo. Wiki mbili tu, soko zima linasema, wazazi wengine wamekataa kuja kuzibua mifereji, na shefu wa karitie, mkubwa wa mtaa wetu, ametangaza kwamba Jumamosi, kwenye kazi za jamii, Direkta ajieleze mbele ya watu.

Mimi nikataka ushahidi. Ijumaa mchana, shule imefungwa, nikapenya kwenye minyaa na pakiti mbili za rangi nyekundu ya kuchovya mikeka (moja ingetosha, lakini mwenye shaka hapimi kwa kijiko), nikamwaga zote shimoni, nikakoroga kwa fimbo. Maji yale hayanywewi, nilijiambia, na yakitokea mekundu kwenye nyanya zake, amekwisha.

Alfajiri ikashuka mvua ya kweli. Tulipofika na majembe, shimo limefurika, wekundu umetambaa mpaka mlango wa darasa la kwanza. Mama mmoja akapiga yowe: "Amaraso! Iko damu!" Mwingine akapiga magoti kuomba, watu wakaanza kuita watoto wao kwa majina, shefu mwenyewe akarudi nyuma. Ningesema pale pale yangekwisha. Sikusema. Nikapaza sauti: "Musiogope! Tufuate maji, yatatuonyesha mwizi!"

Wakanifuata, umati mzima, mpaka kwenye nyanya. Udongo umelowa mvua tu, wekundu hata tone hakuna. Mke wa Direkta akatoka na beseni mkononi. "Munatafuta nini? Mimi namwagilia maji ya kufulia." Mwenye aibu angeishia hapo, lakini mimi nikasema bomba litakuwa chini zaidi, chimbeni, na wanaume wakachimba, nyanya zikang'oka mstari kwa mstari, yule mama amesimama tu anaangalia. Hakuna bomba.

Ndipo Mama Furaha akaita kutoka ng'ambo ya ua: "Mama Zuena, njo mbio! Kwako kunatoka damu!"

Maji mekundu yalikuwa yanabubujika chini ya migomba yangu, yanapita katikati ya mboga zangu za lengalenga (hizo ambazo kila mtu nilikuwa namwambia zinastawi kwa mkono wangu mzuri), na bata wangu weupe wanaogelea humo, wekundu mpaka shingoni. Shimo lilikuwa linavuja kwenye kona ya chini, na kona hiyo tuliisiriba sisi wamama wa mtaa wangu, na aliyesema "yatosha, twende tukapike" ni mimi.

Shefu akaniangalia. "Mama, onyesha mikono." Tangu asubuhi nilikuwa nashika jembe kwa pindo la kitenge. Ningeweza kusingizia mikeka, lakini niliachia pindo, nikafungua viganja vyekundu mbele ya wote. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele, na mtu pekee ambaye hakucheka ni Direkta.

"Mama Zuena," akasema polepole, "ungeniuliza, tungetafuta pamoja. Mimi pia maji hayo yananinyima usingizi."

Kona tuliirudia, mimi nikiponda udongo siku mbili, na sasa maji yanakaa. Nilipeleka miche mipya ya nyanya, nikamwomba mke wa Direkta msamaha. Akanipa kiti. "Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini wiki mbili mutoto wangu ameitwa mutoto wa mwizi darasani. Siwezi kukusamehe kwa niaba yake. Muombe mwenyewe."

Basi mimi, mama mzima, nikachuchumaa mbele ya msichana wa miaka tisa, nikaomba. Akanipa mkono huku anaangalia pembeni.

Shaka haijaniisha, siwadanganyi, nimezaliwa nayo. Lakini nikimshuku mtu leo, naenda kumuuliza yeye wa kwanza, na nikikosa ujasiri wa kumuuliza, nameza. Mkono ule mdogo ulikuwa baridi, na hata sasa, akinipita njiani, hanisalimii.