Vinundu kwenye Ulimi wa Qabale

Hibo Elmi ni daktari wa meno mjini Isiolo. Baba yake aliendesha lori maisha yake yote na alitaka binti huyu afungue duka. Hibo akachagua vinywa vya watu, na hajajuta.

Asubuhi moja Wario, mfugaji wa ngamia, alimleta binti yake Qabale kutoka Sericho. Safari ndefu, shavu limevimba. Hibo aling'oa jino bovu, akaweka pamba, lakini hakumwacha msichana ashuke kitini.

"Hebu toa ulimi, dada yangu."

Ncha ya ulimi ilijaa vinundu vidogo, laini. Midomo nayo ilikuwa minene, na kwa ndani ilikuwa na vingine vya aina hiyo.

"Amezaliwa hivyo," Wario akasema. "Haviumi. Jino limetoka, daktari, wacha twende."

"Mzee, kwanza nijibu. Alipokuwa mtoto, choo kilimsumbua?"

"Sana! Mama yake alihangaika."

"Na akilia, machozi yalitoka?"

Wario aliketi tena. "Hayakutoka. Nani amekuambia?"

Hakuna aliyemwambia. Hibo alikuwa ameona ulimi kama huo kwenye picha tu, chuoni, lakini moyo wake haukusita. Alipapasa shingo ya Qabale, na chini ya koo vidole vikakutana na kitu kigumu, kama punje ya maharagwe.

"Hivi vinundu ni vya neva," akawaeleza. "Vyenyewe havina shida. Shida ni kwamba mtu aliyezaliwa navyo hupata saratani ya tezi hapa shingoni. Lazima mwende Nairobi wiki hii."

Qabale akauma pamba yake. "Nitapona?"

"Ikitolewa mapema, una nafasi nzuri sana. Nisingekutuma bure."

Wario aliuza fahali mmoja wa ngamia, wakaenda. Vipimo vilionyesha saratani, ingali ndani ya tezi. Wapasuaji waliitoa yote.

Leo Qabale humeza kila asubuhi kidonge kinachofanya kazi ya tezi iliyotolewa, na kurudi Nairobi kupimwa. Wario naye, aliposikia kwamba ugonjwa huu huweza kurithiwa, hakupumzika: aliwapakia wanawe wengine wote kwenye lori la mifugo, wakajazana kliniki kwa Hibo, kila mmoja amefungua kinywa. Hibo akawakagua mmoja mmoja, bila haraka. Ndimi zote zilikuwa safi, bila kinundu. Hata hivyo akamwambia baba yao wapimwe damu pia, kwani ugonjwa huweza kujificha, na safari hii Wario hakubisha.