Dawa Chini ya Ulimi

Wenzangu mnaojua kudanganya walimu, nichekeni, lakini kidogo tu. Wiki iliyopita shule yetu hapa kijijini Midia ilipelekwa kulima shamba la muhogo la mwalimu mkuu. Mgongo wangu na jembe havipatani, basi nikajikunja, nikagonganisha meno, nikalia kama mbuzi. Nikatumwa kwa Mama Hawa, aliyechaguliwa na kijiji kutunza dawa za malaria.

"Kichwa iko nauma, mama," nikasema.

Akanihurumia, akakung'uta mkebe. Vikatoka vidonge vya mwisho vya klorokwini.

"Meza hapa, mutoto yangu. Ingine itatoka Arua, sijui lini."

Nikavificha chini ya ulimi, nikanywa maji, nikajifanya nimemeza. Fundi mimi!

Kabla sijainuka akaingia jirani yetu na mtoto wake Keji mgongoni, mtoto anawaka homa, macho hayafunguki.

"Mama Hawa, dawa iko? Hata nusu tu."

"Imekwisha sasa hivi. Huyu kijana alimeza."

Ningevitema pale pale. Lakini niliona haya, nikabana mdomo. Vikayeyuka, uchungu ukanipanda mpaka puani.

"Na wewe, iko sawa sasa?" jirani akaniuliza kwa upole.

Nikaitikia kwa kichwa. Mate meupe yakanishuka kidevuni. Mama Hawa akanishika taya, akanifungua mdomo, wote wawili wakachungulia. Ndani mlibaki uji mweupe tu.

Jirani hakunitukana. Alikaza kitenge, akashika njia ya mjini Koboko kwa miguu, kumtafutia Keji dawa.