Kuhamisha Sauti ya Mama

Niliporudi Kigoma na diploma yangu ya elektroniki, niliyojilipia mwenyewe kwa kubeba mizigo Kariakoo, nilifungua duka la simu Gungu ambalo hadi leo halina mpinzani. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Asubuhi moja baba alikuja na simu yake ya zamani, betri imevimba. Ndani mlikuwa na sauti ya marehemu mama, alipojirekodi akimsemesha baba. Nakala nyingine haikuwepo. Nikashauri tuitume kwa mtandao.

"Maneno ya mke wangu hayapiti kwa watu," alisema.

Hata kompyuta yangu aliikataa. Ikabaki bluetooth, simu kwa simu, hadi kwenye simu mpya niliyomnunulia, ambayo mke wangu alikuwa ameishika. Nikawaeleza kwa ufasaha wa mtu aliyesoma: simu zikikutana, kila moja itaonyesha namba. Baba asome yake, mke wangu aangalie yake. Zikilingana, wote wabonyeze kukubali, na hakuna atakayejipenyeza katikati.

Baba akasoma tarakimu moja moja, kama mwalimu anayeita majina.

"Ndiyo, baba," mke wangu akajibu.

Baba akabonyeza. Kwenye benchi la nje, mteja wangu, muuza dagaa wa Kagunga, akapaza sauti: "Nani kaniletea namba? Nimeshakubali!"

Simu yake ilikuwa ya aina ileile na ile mpya ya baba, yenye jina lilelile la kiwandani, na baba alikuwa ameichagua hiyo.

"Unamkubalije mtu usiyemjua?" nikamuuliza.

"Kapiga hodi. Nimfukuze?"

Nikachungulia simu ya mke wangu. Haikuwa na namba yoyote.

"Sasa ile 'ndiyo' yako ilikuwa ya nini?"

"Ulitaka nimwambie baba mkwe 'siyo'?"

Nikamshika baba mkono kabla hajatuma, nikafuta muunganisho ule.

Chuoni hatukufundishwa habari za wakwe. Suluhisho nililipata mwenyewe, papo hapo: nikageuza zamu. Mke wangu aanzishe na kusoma, baba akague. Baba hajawahi kupata shida kumkatalia mtu.

"Siyo," alisema mara moja. "Soma polepole."

Mke wangu akarudia. Baba akafuata kwa kidole hadi tarakimu ya mwisho, akabonyeza.

Sauti ikaingia kwenye simu mpya. Baba akaichukua, akageukia ukuta, simu sikioni, akasikiliza yote. Kisha akampa mke wangu, naye akasikiliza, akacheka, akajifuta macho, akamrudishia. Nikanyoosha mkono nami nisikilize. Baba akaitia simu mfukoni.