Viroboto wa Maji na Uji wa Elizabeti

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Katesh wilayani Hanang, Bwana Samaki, yaani afisa uvuvi wa wilaya, alinisogezea ndoo ya maji ya kijani akaniuliza ninaona nini.

"Shikamoo mzee. Naona maji machafu."

"Marahaba. Hebu inama vizuri."

Nikainama. Ndani ya uchafu ule kulikuwa na vidudu vidogo kama chembe za chumvi, vinarukaruka bila kuchoka. Akaniambia hao ni viroboto wa maji, hawang'ati mtu, na kifaranga cha kambale kinapoanza kula hakina habari na pumba. Kinataka chakula kinachotembea. Basi nikaajiriwa kibarua cha kukifugia chakula hicho, na nyumbani wakanicheka sana. Mtu mzima anafuga viroboto!

Kazi yenyewe si ngumu, vijana, ila inataka moyo wa subira. Maji ya bomba unayaacha juani kwanza mpaka dawa iliyotiwa iishe nguvu. Unafunga samadi kavu kwenye kipande cha gunia, unaichovya kama majani ya chai, unasubiri. Maji yakigeuka kijani, kijani hicho ndicho malisho yao. Hapo unawatia viroboto wachache, nao wanazaana. Unavuna kwa kitambaa laini, unawasuuza, unalisha kidogo kidogo. Bwana Samaki alikuwa mkali kwenye kuvuna. "Ukimaliza wote leo," alikuwa akisema, "kesho utawalisha hadithi."

Kutoka Hanang nilihamia Mbulu, nikawa mhudumu wa wodi katika hospitali moja ambayo sitaitaja jina. Mganga Mkuu wetu alikuwa mtu wa kuja, kutoka pande za ziwani, na alikuwa ameweka tangi la kioo katika wodi ya watoto, lenye samaki wadogo wekundu aliowanunua Arusha. Shida ni kwamba samaki wale walikuwa na maringo. Chakula cha pakiti walikipokea mdomoni, wakakitema. Aliposikia kazi niliyoifanya Hanang, aliniita ofisini mbio. Tangu siku hiyo nilipiga deki, nilisukuma machela, na nyuma ya chumba cha kufulia nikapanga mapipa yangu.

Metroni, yaani mkuu wa wauguzi, hakufurahi. "Kwa hiyo wewe ndiye unayefuga wadudu hospitalini kwangu?" Bwana Afya naye alikuja kukagua. Viluwiluwi wa mbu ni chakula kizuri mno cha samaki, lakini alinikataza kabisa, na ni haki yake. "Nikikuta kiluwiluwi kimoja, pipa linaondoka na wewe ndani." Nikafunika mapipa kwa chandarua, tukaelewana.

Ndipo akaletwa Elizabeti. Alikuwa binti mdogo kutoka kijiji cha Masieda, amekuja na bibi yake, kwa kuwa mama hakuwepo tena duniani. Surua ilikuwa imempitia, ikamwachia mifupa na macho. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umekwisha, ila mtoto hakutaka kula. Uji aliugeuzia uso. Mpira wa kulishia puani aliung'oa. Bibi yake alikaa pembeni ya kitanda na kikombe mkononi, anambembeleza kwa Kiiraqw kutwa nzima, na mimi nikipita na ndoo yangu nilikuwa naangalia chini. Nilimsikia Mganga Mkuu akimwambia Metroni kwa sauti ya chini, "Huyu asipokula kwa mdomo wake mwenyewe, hatutakuwa naye." Roho iliniuma kama vile ni wangu.

Asubuhi moja nilikuwa nalisha samaki, bibi akamsogeza Elizabeti aone. Viroboto walishuka kwenye maji, samaki wakawakimbilia, purukushani. Mtoto akafungua mdomo kwa kushangaa. Bibi hakulaza damu, akaingiza kijiko. Elizabeti akameza! Metroni aliyeona yote hayo alisimama mlangoni, akaniambia, "Wewe, kuanzia leo samaki watakula saa za uji." Nikagawa mavuno yangu sehemu ndogondogo, na kila samaki walipokula, mtoto alikula.

Kumbe mambo hayakai hivyo. Tulitangaziwa ujio wa wageni wakaguzi. Nanyi mnajua watu wa Mbulu na usafi mgeni akija, hata jiwe la njiani linapakwa chokaa. Wenzangu wa usafi, kwa nia njema kabisa, waliona aibu mapipa ya maji ya kijani yasimame pale. Wakamwaga, wakasugua kwa sabuni mpaka yakang'aa. Nilipofika waliniita nije nione walivyonisaidia. Nilikaa chini.

Kilichobaki ni viroboto wa kwenye chupa moja niliyoiacha dirishani wodini. Kuwalisha samaki wale ni kumaliza mbegu. Kuwazalisha nako kulikuwa kugumu, ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Mbulu mnaijua, kiroboto akipata baridi hazai. Samaki walizunguka tangini bila kitu. Elizabeti akawatazama, kisha akafunga mdomo.

"Kunywa, mjukuu wangu," bibi akamwambia.

"Wao hawajala."

Nilimwomba Metroni ruhusa, nikapanda basi kwenda kwa mama yangu, kijijini Maretadu, chupa nimeifungia ndani ya koti. Kwetu ng'ombe walikuwa bado wanalala ndani ya nyumba, watu upande huu, mifugo upande ule, na joto lao linatosha nyumba nzima. Nikamweleza mama. Akaichukua chupa, akachungulia.

"Yaani nimekusomesha ili uniletee wadudu walale na ng'ombe wangu?"

"Mama, kuna mtoto hali chakula."

Alileta beseni lake la kukandia unga wa harusi, akalisogeza mwenyewe karibu na ng'ombe mzee asiyerusha mateke. Tulichota maji ya kijani kwenye bwawa la kunyweshea, tukamimina chupa. Kila mchana mama alilitoa beseni juani, jioni akalirudisha ndani. Wodini, nilikuja kusikia, bibi alikuwa akimdondoshea mtoto maji ya sukari mdomoni, tone kwa tone, ili tu asizimike.

Asubuhi ya nne mama alipoita, "Njoo uwaone watu wako!" beseni lilikuwa linachemka uhai. Nilirudi na ndoo magotini, abiria wakiniuliza nauza supu gani. Niliingia wodini na koti langu la vumbi, Metroni hata hakunifokea. Nikalisha. Samaki wakala. Elizabeti akakigeukia kikombe mwenyewe.

Baada ya hapo alipanda uzito siku hadi siku. Asubuhi moja nikasikia Metroni akipiga kelele, nikakimbia. Tangi lilikuwa jeupe pe. Elizabeti alikuwa amesimama juu ya kiti, kikombe kimeinama mkononi, uji umekwenda wote kwa samaki. Metroni alikuwa amefura. Mganga Mkuu akaja, akatazama samaki wake wa Arusha wanavyohangaika ndani ya uji, akamtazama mtoto.

"Kwa nini umewamwagia?"

"Mimi nimeshiba."

Mganga Mkuu alivua miwani, akaifuta. "Metroni," akasema, "huyu kesho anakwenda nyumbani."

Nilihamisha samaki kwenye ndoo, nikamwaga maji yale, nikasugua kioo. Machozi yalinitoka na sikujificha.

Nimestaafu sasa. Nina pipa moja nyuma ya nyumba, na vijana wenye mabwawa ya kambale wanakuja kuomba mbegu na kupiga picha kwa simu zao. Wananiuliza kama ile ya hospitali ilikuwa kazi kweli, kuwalisha samaki wa mapambo. Nawaambia mimi sikuwa natazama samaki. Nilikuwa nikitia viroboto kwenye maji, halafu nageuka kutazama kinywa cha mtoto.