Mama Mkwe Upande wa Pili wa Turubai

Mama mkwe wangu ana mashine ya kusaga kule Itiryo, na umri wa mashine hiyo unakaribia wangu. Tofauti ni kwamba yenyewe bado inategemewa na watu. Mwaka jana, siku moja kabla ya sikukuu ya mavuno kanisani kwao, boliti ndefu inayokaza mkanda wake ililika nyuzi zote za kushikia nati ikabaki laini kama fimbo ya kuchungia. Mkanda ukalegea. Injini ilinguruma vizuri tu, lakini mahindi yalitoka chini kama yalivyoingia juu, yameshtuka kidogo.

Kwanza aliifunga kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe, ambayo kwetu ndiyo dawa ya kila kitu kilicholegea. Ngozi ikavutika. Magunia ya akina mama wa kanisa yalikuwa yamerundikana kwenye kibanda chake, unga ukitakiwa kesho yake asubuhi. Na pale njia panda kuna mashine mpya ya jirani mmoja ambaye mashine ya mama ikinyamaza tu, yeye huongeza sauti ya redio. Magunia ya kanisa yakihamia kule, wateja wengine nao wangeyafuata na wasingerudi tena. Ndiyo maana mama alipanda pikipiki hadi Tarime mjini, boliti iliyokufa ikiwa kwenye mkoba pamoja na kopo la samli ya kumletea binti yake, yaani mke wangu.

Mke wangu alikuwa kazini. Akanipigia simu.

"Mpeleke mama kwa fundi. Ila usiniaibishe."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Mimi husema hivyo kuhusu mambo yote ninayoyajua kwa kuyasoma.

Hapa lazima nieleze kidogo. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na wakiwa na neno hulipitisha kwa mtu mwingine aliyepo. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini mama mkwe wangu si wa kulegeza. Kwake yeye, watu wawili kushika kitu kimoja kwa wakati mmoja ni sawa na nusu ya kugusana. Basi tukazunguka maduka ya vipuri, yeye mbele, mimi nyuma kwa mbali, kama mahabusu aliyesahaulika na askari wake. Kila muuzaji aliipima ile boliti akacheka. Saizi hiyo ilikuwa imeacha kuletwa zamani. Ilibidi tuchukue kipande cha chuma cha duara tukichonge nyuzi kwa mkono.

Fundi tuliyemkuta ni Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, na hajawahi kumwachia mteja asahau.

"Babu yangu alikuwa anachonga nyuzi amefumba macho," alisema kabla hata hatujakaa.

"Kwa nini alifumba?" nikauliza.

"Alikuwa amelala."

Yeye mwenyewe mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta ngumu ya hospitali, kwa sababu ya pikipiki na mbuzi waliokutana kwenye kona. Na jiliwa lake, kile kibano kikubwa cha mezani kinachoshika chuma kisisogee, lilikuwa limekatika skrubu. Ili alitengeneze alihitaji kuchonga nyuzi, na ili achonge nyuzi alihitaji jiliwa. Alikuwa akilitafakari jambo hilo tangu Pasaka.

"Haina shida," alisema. "Mmoja anashika chuma kwa spana ya bomba, mwingine anazungusha dai."

Dai ni kipande cha chuma kigumu chenye tundu lenye meno, kilichofungwa katikati ya mpini wa mikono miwili. Unalivisha kwenye ncha ya chuma, unazungusha, nalo linakula njia yake na kuacha nyuzi nyuma.

"Mkono wangu mzima ni wa kushoto," fundi aliendelea, "na huo haujasomea kazi. Kwa hiyo mnabaki ninyi wawili."

Nje mvua ilikuwa imefagia watu wote barabarani. Fundi akatutazama. Mimi nikatazama kenchi za paa. Mama akavitazama viatu vyake kama amevinunua dakika ile.

"Fundi," mama alisema hatimaye, "mwambie mkwe kwamba haiwezekani. Na umwambie kwamba magunia ya kanisa yananisubiri, na yule wa njia panda na redio yake anayasubiri pia."

Fundi amezaliwa Tarime, mambo haya anayajua. Akatabasamu, akaliburuta turubai lake la kuzuia mvua, akaliangika kutoka kwenye kenchi mpaka chini, katikati ya meza. Turubai lilikuwa na tundu. Akapitisha chuma tunduni. Upande mmoja mama na spana yake, upande mwingine mimi na dai langu.

"Sasa hamshiki kitu kimoja. Yeye ameshika spana, wewe umeshika mpini. Hicho cha katikati ni changu mimi."

Mama akaupima uamuzi huo, akaukubali. Ila oili ya kulainishia alipoiona, nyeusi, yenye mchanga na nzi mmoja, akaikataa. Uchafu ule usingeingia kwenye mashine inayosaga unga wa kanisa. Akatoa kopo la samli. Fundi akanipakia dai mpaka likanukia kama jikoni kwa watu wenye uwezo.

"Zungusha, mura, kijana wangu! Mbele, mbele, halafu nyuma kidogo ili chenga zikatike."

Nikazungusha. Lilikwenda kirahisi ajabu. Nikaanza kujiuliza kwa nini nilipoteza miaka chuo kikuu na tasnifu juu ya dhana ya ukinzani katika riwaya, wakati mikono yangu ilikuwa na kipaji hiki. Fundi akainama kuangalia. Chuma kilikuwa safi, hakina hata mkwaruzo.

"Mama, chuma kinazunguka pamoja na dai!"

"Nakiona," sauti ikatoka nyuma ya turubai.

"Mbona unakiachia?"

"Si mkwe anasukuma? Nishindane naye? Kwetu hatuna tabia hiyo."

"Fundi," nikasema, "mwambie mama ashindane tu."

"Mama, mkwe anasema shindana."

"Mwambie mkwe ahsante, mimi sina ugomvi naye."

Tukarudia. Nikisukuma, ananifuata kwa heshima. Nikirudi nyuma, anarudi nami. Tungeweza kuzunguka hivyo mpaka mavuno ya mwaka unaofuata. Fundi akajishika kichwa kwa ule mkono wa plasta, akajigonga, akapata wazo.

"Mama, achana na mkwe. Huyo unayemvuta ni yule wa njia panda. Mwenye redio."

Nilihisi mabadiliko kwenye viganja. Dai likang'ata. Chuma kikalia. Mama alikaza kiasi kwamba badala ya mimi kuzungusha mpini, mpini ulianza kunizungusha mimi, nikajikuta naelekea kwenye boksi la nati.

"Taratibu, mama! Mwache na yeye apate!"

Chenga zilianguka zikinuka samli. Mbele, mbele, nyuma kidogo. Jasho likaniingia machoni.

"Fundi, huyo mkwe anapumua hivyo kwa nini?"

"Msomi, mama."

"Binti yangu hakuniambia."

Tulipomaliza, fundi akaijaribu boliti kwa nati. Ilikuwa inaingia, ila nyuzi zilikuwa zimelala upande, kwa sababu nililianza dai likiwa limepinda.

"Zimeinama kidogo," alisema. "Ni adabu."

Jioni tulikuwa Itiryo, kila mtu na pikipiki yake. Mama aliingia kibandani kuifunga boliti, mimi nikabaki nje chini ya upenu na kuku mmoja aliyelowa. Muda ukapita. Hapakuwa na mtu wa tatu, na fundi tulishamwacha mjini.

"Kuku," sauti ikasema ndani, "mwambie mkwe nati imefika katikati imegoma."

Kuku akanitazama.

"Kuku," nikajibu, "mwambie mama mbele, mbele, nyuma kidogo."

Nikasikia akiguna.

"Kuku, mwambie mkwe boliti inazunguka na nati. Aingie aishike. Gunia lipo."

Nikaingia nikitazama sakafu. Alikuwa ameshaning'iniza gunia tupu kwenye msumari, juu ya boliti. Mimi nikabana ncha ya boliti upande huu, yeye akaweka spana kwenye nati upande ule, na safari hii hakuna aliyemwambia ashindane. Alinivuta mpaka bega likanguruma kabla ya injini. Nati ikapita pale ilipogomea, ikafika mwisho.

Akawasha. Mkanda ukakaza, kibanda kizima kikatetemeka, unga wa kwanza ukashuka, wa moto na laini. Kule njia panda redio ikaongezwa sauti, lakini baada ya gunia la pili hatukuisikia tena.

Nilikuwa nawasha pikipiki niondoke alipotokea mlangoni, mweupe wa unga hadi nyusi, uso ameuelekeza kwenye banda la kuku.

"Kuku," alisema, "mwambie mkwe samli ya binti yangu yote imeishia kwenye boliti. Aende akamweleze mwenyewe."