Adapta Yangu Niliikuta Kinyozi

Admin, naomba unifiche, maana hapa Kakamega tunajuana. Nina miaka ishirini na minne. Mtoto wangu ana mitatu, nitamwita Tito ingawa si jina lake. Baba yake ana duka la kinyozi mjini. Mimi asubuhi hufulia watu nguo, jioni nauza mboga mbele ya ploti tunayopanga. Nayaandika haya nikiwa kwa mama yangu Shinyalu, mtoto amelala mapajani, mkono umefungwa bandeji. Mwenye kuja kunitukana asome kwanza hadi mwisho.

Nyumba yetu ina soketi moja, iko chini, usawa wa goti. Wufa yetu ya kupigia muziki ina plagi ya miguu miwili, na soketi zetu mnazijua, matundu matatu. Yale mawili ya chini yana vifuniko ndani, hayafunguki mpaka kitu kiingie tundu la juu. Basi Baba Tito alivunja kijiti cha ufagio, akakisukuma juu, matundu ya chini yakafunguka, akachomeka wufa. Kijiti hakukitoa. Kikakaa humo, na stima ikakaa wazi mbele ya macho ya mtoto.

Nilimwambia mara nyingi. Alicheka. "Mama Tito, siku hizi wewe ni fundi wa stima? Kwetu Likuyani tumewekanga hivi na hakuna aliyekufa." Majirani nao wakaniita Injinia, kila nikipita na beseni la nguo wananiuliza kama transfoma imepona.

Nikaenda mwenyewe kwa duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua adapta nzuri, ya miguu mitatu, yenye fyuzi ndani. Muuzaji akanionyesha: zima swichi ya ukutani kwanza, kaza plagi ya wufa ndani ya adapta isicheze, kisha ndio uchomeke. Usitie pasi wala koili ya kupikia hapo. Ukiona imepata joto, itoe. Nilirudi nikazima stima ya nyumba yote, nikakivuta kile kijiti, nikafunga adapta. Nikaitia alama ya rangi ya kucha, nyekundu, kwa sababu ploti yetu watu wanaazima vitu wanasahau. Siku hiyo nilifagia nikiimba.

Haikukaa sana. Nilitoka kufua siku moja nikakuta adapta haipo, kijiti kipya kimeingia. Nikamuuliza Baba Tito. Akasema haijui, labda Tito ameitupa chooni, si unajua mtoto huyu. Nikamwamini. Nikamkaripia mtoto mpaka akalia, akasema nisamehe mama.

Juzi nilikuwa nje nasonga obusuma, ugali wetu. Asubuhi baba yake alikuwa ametoa plagi ya wufa, akaacha swichi ikiwaka na kijiti kikiwa ndani. Nikasikia kitu kimelipuka, nikakimbilia ndani. Nilimkuta Tito ameanguka nyuma, ufunguo wa kufuli uko chini umeungua ncha, vidole viwili vimebadilika rangi. Hakulia mpaka nilipombeba. Hospitalini daktari alisema tushukuru Mungu, na mimi nashukuru. Tito alipotulia akaniambia polepole, "Nilikuwa namwashia baba wufa."

Kutoka hospitalini nilipitia kinyozi nikiwa nimembeba mgongoni, nimpe baba yake habari. Ndani kulikuwa na wateja wamekaa kwa benchi. Nikaangalia ukutani. Mashine ya kunyolea ilikuwa imechomekwa kwa adapta yenye rangi yangu nyekundu.

Nikamuuliza hiyo imefikaje hapo. Hakuniangalia. Alisema plagi ya mashine ilikuwa inatoa cheche kwa kijiti, na wateja walianza kuogopa.

Wateja walianza kuogopa. Kwa hivyo alijua. Wakati ananicheka, alikuwa anajua. Nikamwambia mbele yao wote, "Kichwa cha mteja umekiwekea adapta, mkono wa mwanao umeuwekea kijiti." Mteja mmoja alikuwa amenyolewa upande mmoja, aliinuka akatoka hivyo hivyo na shuka shingoni. Mimi nikapanda boda na mtoto, nikaja kwetu.

Sasa mwenye makosa ni mimi. Mama mkwe amepiga simu, ananiambia nimemvua mwanawe nguo mbele ya watu, tena "mtoto haumianga kama mama yuko macho." Baba mdogo wa Baba Tito anasema nirudi niombe msamaha, maana ndoa haivunjwi na stima. Jana shemeji yangu alikuja na adapta mpya imefungwa kwa karatasi nyeusi. "Shemeji, ametuma hii. Shida imeisha, rudi." Nikamwambia adapta sina haja nayo tena. Nataka yeye mwenyewe aje, aseme mbele ya mama yake na mama yangu kwamba alijua. Shemeji akakuna kichwa. "Mwanaume hawezi kusema hivyo, shemeji. Chukua tu hii kitu."

Jumamosi wanakuja kunichukua. Mama yangu tayari amefunga kuku wa kuwapikia. Ananikumbusha kwamba Baba Tito hanywi, hanipigi, na mwanamke mwenye mtoto hachaguichagui. Na ukweli ni kwamba nampenda, hilo ndilo linaniudhi zaidi.

Lakini tangu tufike hapa, Tito akiona soketi anaficha mikono nyuma. Na asubuhi ameniuliza kama baba bado amekasirika kwa sababu aliitupa ile adapta. Mtoto wa miaka mitatu amekubali kosa ambalo hakufanya. Baba yake bado anatuma karatasi nyeusi.

Wazazi wenzangu, nipeni akili. Jumamosi wakifika, nichinje kuku nifunge mizigo, au niwaambie huyo kuku ataendelea kutaga hadi mtu afungue mdomo? Ila tafadhali, asije mtu hapa kuniambia eti ni adapta tu.