Jelatini Yangu Ndani ya Kitenge

Mimi mwalimu wa biolojia hapa Kasongo, juzi nilijiona profesa! Nilichemsha ngozi za samaki nikapata jelatini, ule ute unaoganda ukipoa, ambao chembe hai zinaweza kuoteshwa juu yake hospitalini mpaka ziwe ngozi mpya ya kufunika kidonda. Nikaifunga sufuria kwa kitenge cha mke wangu, mbio hospitali kuwaonyesha madaktari. Nikamwachia muuguzi mlangoni, nikaingia kuhubiri. Nilihubiri, jamani! “Sasa twendeni mkaione!”

Kwetu, sufuria ndani ya kitenge ni chakula cha mgonjwa. Nani asiyejua? Mimi.

Muuguzi alikuwa ameshaipasha moto, akampa mgonjwa mmoja, mzee asiye na ndugu wa kumletea chakula. Mzee akalamba kijiko mbele ya madaktari wote: “Aksanti, mwalimu. Supu iko muzuri, ila mulisahau chumvi.”